Fundi Anajibu: Spika ya kulia inazimia, ukipandisha volyumu inafufuka

SWALI: Shikamoo fundi. Mie niko Tanga, nina amplifaya ya marehemu baba, mjomba aliileta toka Maskati miaka ya 70, ile nzito ya uso wa chuma. Spika ya kulia inakata yenyewe, nikipandisha volyumu inashtuka inarudi, nikishusha taarabu iwe ya chini chini inapotea tena. Fundi wa mtaani kasema transista zimekufa anataka laki na nusu, nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe kwanza. Transista za kutolea sauti zikifa hazifufuki kwa volyumu, mara nyingi zinakata fyuzi au zinaunguza spika na habari inaishia hapo. Dalili yako ni ya uchafu, yaani vile vidole vya ndani ya swichi au rilei (swichi inayojiwasha yenyewe kwa umeme) vimeshika weusi, sauti ndogo inashindwa kupenya, kubwa inapenya, na hewa ya chumvi ya huko kwenu ndo usiseme.

Ila tuhakikishe. Zima, badilishana waya za spika huko nyuma, ubovu ukihamia spika ya pili basi spika zako nzima. Zirudishe, sasa badilishana waya zinazoleta muziki, ubovu ukihama tatizo ni waya au hicho unachopigia, ukibaki kulia palepale tumeshamkamata, ni amplifaya. Chomoa umeme ubonyeze swichi zote hasa ya tepu monita (ile ya kusikilizia mashine ya kaseti), hata mara thelathini, maana hiyo haiguswi miaka na muziki wote unapita humo, mimi nimeshaponya mashine kwa hilo tu nikaona aibu kudai hela. Kama ina spika A na B hamishia B, ikipiga safi basi mchafu ni swichi ya A.

Ikigoma kote fungua uitafute rilei, kile kiboksi cha plastiki kinacholia tak sekunde chache baada ya kuwasha. Angalia lakini, kapasita kubwa zinashika umeme hata ukishachomoa, mie zilishanirusha, zipime na mita na zikiwa na volti zishushe kwa rizista ya omu 1000 wati 5, sio kwa bisibisi kama vijana wanavyofanya. Afu chovya kipande cha kadi ya mwaliko wa harusi kwenye spiriti upitishe katikati ya vidole vya rilei. Msasa hapana, unakula yale madini ya fedha ya juu. Kununua mpya ni bora zaidi ila volti zifanane na zilizoandikwa kwenye ya zamani. Swichi na volyumu pulizia kontakti klina, WD-40 iache kwenye bawaba za mlango.

Kabla hujarudisha spika, weka mita DC kwenye matundu ya spika nyuma ya amplifaya, iwe imewashwa bila muziki. Milivolti kumi ishirini poa, ukikuta volti nzima nzima hapo sasa mwite yule fundi wako.

SWALI: Nimenunua amplifaya ya mtumba toka Japani, nimechomeka tu fyuzi ikakata, nyuma imeandikwa 100V. Niweke fyuzi kubwa? (Arusha)

JIBU: Usithubutu kaka, hiyo fyuzi imekuokoa. Umeme wetu ni 230, tafuta transfoma ya kushusha hadi 100, weka fyuzi ya saizi ileile, na mara ya kwanza pitisha umeme kwenye balbu ya wati 60 ya zamani, sio LED, iliyofungwa kwa mfululizo kabla ya transfoma. Ikiwaka kidogo ikafifia una bahati, ikibaki inawaka kali zima haraka, ndani kuna shoti.