Mtumbwi wa kevla uliopigwa jua

Ndugu, huo mtumbwi mwepesi wa kevla (nyuzi ngumu za kiwandani) unaouzwa hapo Mbeya, kugeuka kwake kutoka njano kuwa kahawia kusikutishe. Kevla isiyopakwa rangi hubadilika hivyo juani. Pitisha kiganja tumboni mwake. Kikitoka na unga mweupe, jua limeanza kula rezini ya juu, ile gundi inayoshika nyuzi. Hiyo husuguliwa kwa msasa laini, ikapakwa vanishi ya kuzuia jua. Nyuzi zikishajitokeza, punguza bei sana, na usizipige msasa, zitaota manyoya tu. Kisha bonyeza kwa dole gumba huku na huku: panapobonyea kuliko pengine, huenda tabaka zimeachana. Mimi hapo ningeondoka. Chungulia na ndani. Muulize pia muuzaji mtumbwi ulikuwa unalazwa wapi. Akisema ufukweni Matema, kando ya Ziwa Nyasa, bila turubai, mh!