Mshitakie Mola, Ulitaje na Tatizo Lenyewe

Msomaji wa Wete, Pemba, kaniandikia kwamba mvua imemharibia karafuu jamvini, ujira wa wachumaji anadaiwa, na kila akinyanyua mikono hutoka "Alhamdulillahi" tu. Anaogopa kuwa akiyasema yaliyomo moyoni atahesabiwa hana subira.

Khofu hiyo wengi tunayo huku visiwani, na inanisikitisha, kwa sababu Qur'ani imeshaiondoa. Nabii Yaakub, yule yule aliyesema "subira njema", alisema pia kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake (Yusuf, aya ya 86). Nabii Ayyub alitamka kuwa dhara imempata (Al-Anbiyaa, 83), na bado Mola akamsifu kwa kusubiri (Saad, 44). Kumsema Mola barazani ndiko kunakovunja subira. Kumshitakia Yeye mwenyewe ni ibada.

Namna ya kusema tujifunze kwa Nabii Zakaria, mwanzo wa Sura Maryam. Alinong'ona, hakupaza sauti. Alianza na hali yake: mifupa imedhoofika, kichwa kimejaa mvi. Akakumbusha kwamba hajapata kuomba akakosa. Akaitaja khofu yake juu ya jamaa zake, akasema mkewe ni tasa, ndipo akaomba mrithi. Nawe fuata hivyo hivyo. Mhimidi Mola, mswalie Mtume, kisha sema: "Ya Rabbi, karafuu zimeoza, wachumaji wananidai, nina hasira na nimechoka." Taja kiasi cha deni. Usiseme "matatizo yangu unayajua" ukanyamaza. Anayajua kweli, na Zakaria pia alijua kuwa anajulikana.

Wakati mzuri ni theluthi ya mwisho ya usiku. Hesabu toka Magharibi mpaka Alfajiri. Magharibi ikiwa saa 12:30 na Alfajiri saa 11:00, usiku ni saa kumi na nusu, theluthi yake saa tatu na nusu, basi amka saa 7:30. Ukishindwa, hata nusu saa kabla ya adhana.

Hapa wengi hukosea: wanaingiza Kiswahili ndani ya sala. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, dua ya kujitungia kwa lugha isiyo Kiarabu inabatilisha sala. Toa salamu kwanza, ubaki kwenye msala, useme kwa lugha unayolilia.

Hasira ikizidi, usijiapize wala usiwaapize wanao na mali yako, Mtume (s.a.w.) amekataza, isije ikawafikiana na saa ya kujibiwa. Kutamani kufa pia kumekatazwa. Anayezidiwa kabisa amefundishwa kusema: Ewe Mola, niweke hai maadamu uhai ni kheri kwangu, na nifishe ikiwa kufa ni kheri kwangu. Ukishayasema hayo, mwamshe mtu wa nyumbani, usibaki peke yako.

Wala usiseme "nimeomba sikujibiwa" ukaacha. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inasema mja hujibiwa maadamu hajafanya haraka hiyo.

Maliza kwa dua aliyokuwa Mtume akiikithirisha: Allahumma inni audhu bika minal hammi wal hazan (Ewe Mola, najikinga kwako na wasiwasi na huzuni). Isome mpaka mwisho, maana ndani yake mna kujikinga na uzito wa deni. Kukipambazuka, wafuate wachumaji kabla hawajakufuata, uwaambie utawalipa lini.