Hamsini, sitini, sabini: jibu langu kuhusu wageni wa saa chache

Mhariri, salaam aleikum.

Swali lenu la wiki hii liliuliza: "Msafiri akishuka kwenye meli ya kitalii kwa saa chache tu, anaweza kusema ameutembelea mji ule?" Nililisoma nikisubiri feri Likoni, na kabla hatujafika ng'ambo nilikuwa nimeshajibu moyoni kwamba hawezi. Sasa ni usiku, nimekaa kuandika, na ule uhakika wa asubuhi umeanza kulegea.

Nieleze kwanza hasira yangu inatoka wapi. Sisi tuliokulia Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, tunawajua wageni wa meli tangu utotoni. Asubuhi meli imefunga Kilindini, saa nne mabasi yamejaa Ngomeni, pale Fort Jesus, saa sita unawaona vichochoroni wakimfuata kijana aliyeinua kibao chenye namba, na ikifika alasiri hayupo hata mmoja. Nyanya yangu alikuwa akikaa barazani kuchambua mchele. Walimpiga picha bila hata kumwamkia. Hakuwahi kumfokea mtu. Aligeuza uso, akavuta leso, akaendelea na mchele wake. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake, na hasira hiyo sijaitua mpaka leo.

Halafu nikawa mimi. Nilifanya kazi ya meli miaka saba, dobi, sitaha ya chini kabisa pasipo na dirisha, na kila kiangazi cha Ulaya tulikuwa tukizunguka Mediterania. Barcelona, Marseille, Civitavecchia, Napoli. Watu wa nyumbani hudhani baharia ameiona dunia, kumbe nilichokiona zaidi ni mashuka na taulo. Kushuka ni kwa ruhusa, na ruhusa iko mkononi mwa msimamizi. Msimu mmoja msimamizi wangu alininyima wiki tano mfululizo na sababu hakunipa. Unasikia nanga, unasikia abiria wanateremka ngazi, wewe unakunja mashuka.

Wiki ya sita nilipewa saa nne, na bandari ilikuwa Valletta, Malta.

Kuta za pale zimepanda kutoka majini, moja nyuma ya nyingine, na jambo la kwanza lililonijia ni Ngomeni. Baadaye nilisoma nikaona sikukosea. Mji ule ulianza kujengwa 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki wa Ottoman kuizingira Malta na kushindwa. Ngome yetu Wareno waliianza 1593, baada ya Mir Ali Bey kushuka pwani hii na meli zake kwa jina la Waturuki hao hao. Ni hofu ile ile iliyobebesha watu mawe huku na kule. Na ukiingia mjini unakuta roshani za mbao zilizofungwa kwa vioo zikining'inia juu ya njia nyembamba, mpaka unajikuta umeinua kichwa kumtafuta mtu unayemjua dirishani.

Kutoka gatini kuna lifti inayokupandisha mita 58 hadi bustani ya Upper Barrakka. Abiria walikuwa wamepanga foleni, nikapanda kwa miguu. Wengi wao walikuwa wanaelekea kanisa la Mtakatifu Yohana kuona picha ya Caravaggio ya 1608, ya Yohana Mbatizaji kukatwa kichwa, ambayo ndiyo pekee mchoraji yule aliyoitia sahihi. Mimi nilikuwa na njaa.

Nilikuta kiduka kisichozidi upana wa mlango, kinauza pastizzi, vimkate vya unga uliokunjwa tabaka tabaka kama chapati, ndani jibini laini au njegere zilizopondwa. Nyuma ya kaunta mama wa makamo, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Nikamuuliza kwa Kiingereza, lugha tuliyoachiwa sote wawili na Mwingereza, kama kuna mafuta ya nguruwe. Akasema hamna, akaongeza kwamba hata yeye Ijumaa za Randan hali nyama, hula hivi hivi vya njegere.

Nikamwomba arudie. Randan? Ndiyo, akasema, zile siku arobaini kabla ya Pasaka. Nilinyamaza. Alikuwa na msalaba shingoni na kinywani ana neno la mwezi wetu mtukufu.

Nikampa sarafu ya yuro mbili. Akaanza kunirudishia chenji ya senti kumi kumi, akiziweka moja moja juu ya kaunta na kuhesabu kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu peke yake: "Ħamsin... sittin... sebgħin... tmenin... disgħin..."

"Mia," nikamalizia. Sikupanga, ulimi ulijiendea wenyewe.

Mkono wake ukasimama hewani na sarafu ya mwisho. "Mija," akasema, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Akauliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa, nikamhesabia toka ishirini hadi elfu, na yeye anafuata: għoxrin, tletin, erbgħin, mpaka elf. Akanyoosha kidole kuelekea bandarini: baħar. Bahari, nikasema. Ktieb? Kitabu. Knisja? Kanisa. Ijumaa wanaiita il-Ġimgħa, na Mungu wanamwita Alla. Nyuma yangu alikuwa fundi mmoja, suruali ina chokaa. Nilidhani ataudhika kwa kucheleweshwa, kumbe naye akaingia: dinja? Dunia. Akafikiri kidogo, akasema: mewt? Mauti, nikajibu, na sote watatu tukatulia kidogo, pastizzi zikiendelea kupoa.

Waarabu waliichukua Malta mwaka 870, na Wanormani, ambao ni Wakristo, wakaja 1091. Dini iligeuka lakini lugha haikuondoka, na mpaka leo Kimalta ni mtoto wa Kiarabu cha Sicily kinachoandikwa kwa herufi za Kirumi, na maneno ya Kiitaliano yamejaa humo. Haya nimeyasoma baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba, maili elfu kadhaa kutoka Kibokoni, mtu alikuwa amenihesabia pesa nikamwelewa.

Saa sita juu ya alama mzinga ukalia kule Barrakka, kama unavyolia kila siku, nikashtuka. Zamu yangu ilikuwa saa saba. Mama yule aliniaga kwa neno moja, "Saħħa," yaani afya. Siha. Nilishuka ngazi nikilirudia.

Sasa, je, nilitembelea Valletta? Kwa jibu langu la Likoni, hapana. Picha ya Caravaggio sikuiona, jina la yule mama sikuuliza, na mji wenyewe ingawa haufiki kilomita moja ya mraba sikuumaliza hata nusu. Lakini mkono wangu unakataa kuandika hapana. Najua pia kwamba ilikuwa bahati, na kwamba Kiswahili ndicho kilichonifungulia mlango ambao abiria wa ghorofa za juu hawakuwa na ufunguo wake. Niliporudi msimu uliofuata kiduka kilikuwa kimefungwa, nikazunguka nusu saa kama mgeni yeyote, nikarudi melini. Siku hiyo ya pili siihesabu. Nikiulizwa nimefika wapi, Valletta naitaja. Napoli siitaji, ingawa tumefunga pale mara nyingi zaidi.

Waliompiga picha nyanya hawakufika Kibokoni, hilo sitolibadilisha. Ila nilitaka kuandika kwamba hakuna mgeni wa meli hata mmoja aliyefika, na nimekumbuka sasa hivi kwamba si kweli. Kulikuwa na mzee mmoja wa kizungu, kofia ya majani, aliyeachana na kundi lake, akaomba kwa ishara, akakaa barazani kando ya nyanya na kuanza kutoa mawe kwenye mchele. Hawakuwa na lugha hata moja kati yao. Alikaa kama dakika kumi, kijana wa kibao akaja kumwita, akaenda mbio kulikimbilia basi. Nyanya alifunika ungo akasema yule amelelewa, na mchele aliouchambua yeye akaupika usiku ule ule.