Kuhesabu tembo kwa ndege: pima mkanda kwanza, idadi baadaye

Mwaka 2013 tembo wa mfumo ikolojia wa Ruaha-Rungwa walihesabiwa kwa ndege wakapatikana takriban 20,000. Mwaka uliofuata wakawa 8,272. Mwaka 2015 hesabu ikarudiwa, ikatoka 15,836. Tembo jike hubeba mimba miezi 22, kwa hiyo hakuna namna 8,000 wangezaana wakakaribia kuwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ujangili wa miaka ile ulikuwa wa kweli kabisa: makadirio ya Tanzania nzima yalishuka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 na ushee mwaka 2014. Lakini kupanda na kushuka kwa namna ya Ruaha kunatukumbusha kwamba namba ya hesabu ya sampuli, yaani ya sehemu tu ya eneo, ni kadirio, na kila kadirio lina mkia, yaani ukingo wa makosa. Urefu wa mkia huo, kwa sehemu kubwa, unaamuliwa kabla ndege haijapaa.

Kazi yenyewe inaelezeka haraka. Ndege ndogo yenye mabawa juu, mara nyingi Cessna 182 au 206, inapita kwenye mistari sambamba kwa kimo cha futi 350 juu ya ardhi, kasi ya kilomita 170 hadi 180 kwa saa. Mbele anakaa rubani na mtunza kumbukumbu. Nyuma wanakaa waangalizi wawili, kila mmoja na dirisha lake. Mwangalizi anahesabu wanyama walio ndani ya mkanda wa mita 150 tu, basi. Mistari ikiachana kilomita 5, mikanda miwili yenye jumla ya mita 300 inafunika 6% ya eneo. Ikiachana kilomita 2.5 inafunika 12%, na mafuta yanakwenda mara mbili. Elekeza mistari iukate mto, isiufuate. Kiangazi tembo hujazana kando ya maji, na mstari unaotembea sambamba na mto utajaa wanyama huku wa jirani yake ukitoka mtupu. Tofauti hiyo baina ya mistari ndiyo inayopanua ukingo wa makosa.

Sasa mkanda. Haujachorwa popote ardhini. Unachorwa jichoni mwa mwangalizi. Kwenye nguzo ya bawa zinafungwa fimbo mbili zinazoelekea nyuma, na kwenye kioo cha dirisha inabandikwa alama ya utepe. Jicho likilingana na alama ya kioo na fimbo ya ndani, linaona ukingo wa karibu wa mkanda. Likilingana na fimbo ya nje, linaona ukingo wa mbali. Ndege ikiwa imeegeshwa, imewekwa usawa kama inavyokaa angani, mwangalizi anakaa kitini mwake na mwenzake anapima kimo cha jicho kutoka ardhini. Upana wa kuchora pale chini ni upana unaotakiwa mara kimo cha jicho, gawa kwa kimo cha kuruka. Jicho likiwa mita 2 juu ya ardhi na ndege itaruka mita 106.7 (ndizo futi 350), basi 150 × 2 ÷ 106.7 = mita 2.81. Chora mistari miwili sakafuni kwa umbali huo, wa ndani ukiwa nje kidogo ya gurudumu lisije likaziba, kisha sogeza fimbo mpaka zikae juu ya mistari kwa jicho la mwangalizi yule. Yule yule. Mrefu na mfupi hawaoni mkanda mmoja, na wakibadilishana viti kazi inaanza upya.

Hapo bado hujamaliza. Tandaza viroba vyeupe kukatisha kiwanja cha ndege, kimoja kila mita 10, na kila mita 50 weka viwili pamoja ili kuhesabu kusipoteze mtu. Ruka juu yake mara 20 au zaidi, kwa vimo mbalimbali kati ya futi 250 na 450. Kila mara mwangalizi anataja viroba vingapi viko kati ya fimbo, na mtunza kumbukumbu anasoma kimo sekunde ile ile. Gawa upana ulioonekana kwa kimo, tafuta wastani, uzidishe kwa kimo cha mpango, ndipo unapopata upana halisi wa mkanda wa kila mtu kwa futi 350. Usishangae mmoja akitoka na mita 141 na mwingine 158. Hizo ndizo namba za kuingiza kwenye hesabu, si 150 ya kwenye mpango.

Makosa tunayoyaona mara kwa mara ni madogo hata yanachekesha. Mtu anaongeza mto kitini siku ya tatu kwa sababu mgongo unauma: jicho limepanda, mkanda umehama. Mwingine anaona kundi zuri na kuinama kuelekea dirishani. Kichwa kinarudi kwenye alama kwanza, ndipo mdomo utaje idadi.

Kimo nacho kinadanganya kimyakimya. Altimita ya kawaida ya ndege inategemea shinikizo la hewa na haijui kilima kilicho chini yako. Inahitajika ya leza au ya rada. Rubani akipanda hadi futi 400 bila kurekodiwa, mkanda wa mita 150 umekuwa mita 171, na makadirio yako yamevimba kwa 14%. Ndiyo maana mtunza kumbukumbu anasoma kimo kila baada ya sekunde 30, hata pale ambapo hakuna mnyama hata mmoja.

Kwenye kuhesabu, kundi likizidi wanyama kumi linatajwa kwa makadirio na kupigwa picha papo hapo, kisha picha inahesabiwa kwa kompyuta jioni. Macho yana tabia ya kupunguza makundi makubwa, na nyati ndio hupunguzwa zaidi. Kundi likikatwa na fimbo, hesabu walio ndani tu. Hapa wageni hukosea kwa nia njema: wanaona tembo 14, sita wakiwa ndani, wanaandika 14 kwa kuwa "wako pamoja". Ukigawa kosa hilo kwa 6% ya sampuli, tembo wanane walioongezwa wanazaa zaidi ya 130 kwenye ripoti.

Ruka asubuhi, kuanzia mwanga ukishatulia hadi saa nne au saa tano, kabla tembo hawajaingia vivulini, na usimweke mwangalizi mmoja dirishani kwa muda unaozidi saa tatu. Kwenye miombo subiri mwisho wa kiangazi majani yakiwa yamepukutika. Na ukihesabu Oktoba mwaka huu, usihesabu Mei mwaka kesho halafu ukalinganisha.

Nyati wa Serengeti au Tsavo ni shauri jingine. Kundi moja la mamia likiangukia ndani au nje ya mkanda linavuruga kila kitu, hivyo kwao ni heri hesabu kamili, ndege kadhaa zikilifagia eneo kwa vipande. Hesabu kamili haina ukingo wa makosa wa kuonyesha, jambo linalowafurahisha wakubwa, lakini waliokosekana hawaonekani kwenye jedwali.

Kwenye meza, kipimo cha sampuli ni mstari, si kundi wala kilomita. Mistari isiyopungua 20, ikifika 30 ni bora. Tuseme eneo ni kilomita za mraba 12,000, mikanda imefunika 720, na tembo 252 wameonekana. Msongamano ni 252 ÷ 720 = 0.35, mara 12,000 ni tembo 4,200. Kwa kuwa mistari haina urefu sawa, tofauti baina yake inakokotolewa kwa kanuni ya pili ya Jolly. Tuseme kosa sanifu, yaani kipimo cha kadirio linavyoweza kupotoka, linatoka 630. Ukizidisha kwa 2 hivi, ukweli uko mahali fulani kati ya 2,940 na 5,460.

Baada ya miaka mitatu inatoka 3,600, kosa sanifu 500. Gazeti litaandika tembo 600 wametoweka. Wewe chukua 600, gawa kwa kipeuo cha pili cha jumla ya 630² na 500², yaani 804. Jibu ni 0.75, na lilipaswa kuvuka 1.96 (ndiyo ile 2 hivi ya hapo juu) ndipo useme kuna badiliko.

Idadi ya walio hai ikiwa na utata hivyo, mizoga inasaidia, nayo inahesabiwa ndani ya mkanda kwa utaratibu ule ule. Mzoga wa daraja la 1 bado una nyama na haujafikisha mwezi. La 2 una ngozi na doa jeusi la uozo lililoua majani, chini ya mwaka. La 3 mifupa ni meupe, doa limefutika na majani yamerudi. La 4 mifupa imekuwa ya kijivu, imepasuka na kutawanyika. Gawa mizoga yote kwa jumla ya mizoga na tembo hai. Ikizidi 8%, inawezekana vifo vinazidi vya kawaida. Ila usiichanganye mizoga yote ukaishia hapo. Uwiano wa 12% uliojaa daraja la 4 unasimulia ujangili wa zamani, na 6% yenye daraja la 1 na la 2 kwa wingi ni sababu ya kupeleka askari wa doria kwenye mistari ile wiki hii hii, kwa namba za GPS zilizo kwenye daftari la mtunza kumbukumbu.