Kwa nini RSV ilikuja nje ya msimu

Dada, umeuliza kwa nini mwaka 2022 wodi za watoto Marekani zilifurika wagonjwa wa RSV (kirusi cha njia ya hewa ambacho kwa kawaida huvuma majira ya baridi) tangu Oktoba, na kama ni kweli barakoa "ziliua kinga".

Kinga haikufa. Watoto hawakukutana na kirusi, basi. Kabla ya UVIKO-19, karibu kila mtoto alikuwa ameshaipata RSV kabla ya kutimiza miaka miwili, wengi wakiishia na mafua tu. Shule zilipofungwa kirusi kikakosa njia. Milango ilipofunguliwa, kikakuta watoto wa miaka miwili mitatu ambao hawajawahi kukiona, pamoja na wachanga wa mwaka huo. Ndiyo maana hata wale wakubwa wakubwa wakalazwa.

Australia ilitangulia kuonja. Majira ya baridi ya 2020 RSV karibu haikuonekana, kisha ikalipuka kuelekea Desemba, ambayo kwao ni joto kali. Hebu fikiria, Krismasi ya jua na watoto wamewekewa oksijeni!

Ila mtoto mchanga bado ndiye wa kuogopewa zaidi. Mirija yake ya hewa ni myembamba mno, makamasi kidogo tu yanaiziba. Ukiona mbavu zinabonyea akivuta pumzi, tundu za pua zinatanuka na anakataa ziwa, usingoje kupambazuke.

Halafu ukilinganisha takwimu, kumbuka tangu 2023 Marekani wana nirsevimab, sindano ya kingamwili za kuzuia RSV kwa wachanga, na chanjo ya wajawazito. Kwa hiyo idadi ya wanaolazwa sasa haiamuliwi na kirusi peke yake.