Rangi iwe nje

Ukiviringisha picha ya kitambaa ili isafiri, rangi itazame nje kaka, si ndani. Watunzaji wa picha wa makumbusho hushauri hivyo. Ikiwa ndani inabanwa, na maonyesho yako yakishahama Tabora ukafungua mzigo Kigoma, utakuta inapukutika. Ikiwa nje inavutika kidogo tu, ukiitandaza inarudi. Viringishia juu ya bomba pana la plastiki, inchi 6 hivi, lile jembamba la maji hapana, kisha funika kwa karatasi laini, siyo gazeti maana wino unahamia.

Hii ni kwa kitambaa kilichokauka kabisa. Rangi ya mafuta ikipakwa nene hukauka kwa miezi. Picha za hadibodi, yaani ubao mwembamba mgumu, kama alizochora msanii wa Tanzania Edward Tingatinga tangu 1968, haziviringishwi. Zisafiri bapa, na katoni katikati.