Si Harufu, ni Utomvu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Ulipoishi ugenini, tunda gani lilikushinda kwa harufu?", litajibiwa na waliopita Bangkok na Singapore, na wote watataja doriani, lile lisiloruhusiwa kwenye treni za Singapore. Sawa. Lakini kuna watu ambao ugenini kwao ni hapa hapa Nairobi, na linalowashinda ni fenesi. Nalitetea: harufu yake haijamfukuza mtu. Kinachofukuza ni utomvu.

Chukua mpangaji mmoja Mzungu kule Kilimani. Alinunua fenesi zima, akalilaza juu ya meza ya jikoni, akaanza kulipasua katikati kwa kisu cha mkate kama tikiti maji. Kisu kikafika kwenye moyo wa tunda, penye utomvu mwingi, kikanasa. Akasaidia kwa mkono wa pili, nao ukanasa. Akafungulia maji moto na sabuni. Kosa hilo! Utomvu wa fenesi hausikii maji. Ndio urimbo wa kunasia ndege. Sponji ikagandia kiganjani, naye akagandia bomba. Aliyemwokoa ni soja wa getini: mafuta ya kupikia kikombe kimoja, gazeti kuukuu, na kusugua polepole mpaka kila kidole kikaachana na mwenzake.

Mafuta hayo yangetangulia. Paka mikono, paka kisu pande zote mbili, tandika gazeti, kisha kata tunda kwa urefu mapande manne. Utomvu mweupe ukichuruzika, upanguse kwa gazeti kavu na upake kisu upya. Chonga moyo uutoe, halafu likunje ganda kinyumenyume: nyama za manjano zitasimama zenyewe, uzichomoe. Kokwa usitupe. Zichemshe kwa chumvi kama nusu saa, umenye, ule.

Lililoiva hubonyea, miiba yake imelala na kuachana, na ukilipiga kofi huitika kwa sauti nzito. Lililokomaa bila kuiva liache nje siku kadhaa, na Julai uongeze kwa baridi yetu hii. Friji italiharibu kabla halijaiva.

Sasa harufu. Nimesema haimfukuzi mtu, lakini ganda la fenesi bivu ndani ya bedsita, chumba kimoja cha kulala na kupikia, yenye dirisha moja hunuka vitunguu vilivyooza, hata kama nyama yenyewe yanukia nanasi na ndizi. Na bakuli lisilofunikwa kwenye friji huambukiza maziwa na siagi. Hapo nalegeza. Mgeni wa ghorofani anunue vipande vya mkokoteni, mradi muuzaji amkatie akiona, si vile vilivyoshinda na nzi tangu asubuhi. La zima amwachie mwenye ua, tena mwenye majirani wa kugawana nao, maana hata la kilo 10 bado ni dogo.